UZI: Mgonjwa akikwambia "nakunywa kidogo tu dokta" unafanyaje? Tulivyofundishwa kuongea na wanywaji huku zahanati

#1 Tabibu Mgombani

Habari zenu wakuu. Humu mimi ni msomaji tu, siku zote napita kimyakimya, ila leo nimeona nifungue uzi maana hili jambo nimelibeba muda mrefu. Ni tabibu, nipo zahanati huku juu mgombani Kilimanjaro, mwaka wa saba huu. Huku mnajua wenyewe, mbege (pombe yetu ya ndizi na ulezi) ipo kwenye posa, mbege ipo msibani, mbege ipo kwenye kusuluhisha kesi ya mpaka wa shamba. Sasa ongeza gongo, ongeza konyagi, ongeza bia za mwisho wa mwezi.

Chuoni pombe tulisoma kama sababu ya magonjwa. Ini, presha, ajali, vidonda vya tumbo. Namna ya kuongea na mtu mwenyewe anayekunywa hatukufundishwa, au labda ilipita siku nimesinzia. Kwaiyo miaka yote nilikuwa mgonjwa akinuka pombe namwambia "mzee acha pombe itakuua", naandika kwenye kadi "ushauri umetolewa", anayefuata aingie. Nimeandika hayo maneno mawili mara ngapi sijui.

Mwaka juzi tukaitwa mafunzo siku tatu. Nikajua ni yale yale, projekta, chai na maandazi, posho, picha ya pamoja. Mwezeshaji alikuwa nesi mtu mzima wa afya ya akili. Siku ya pili akafanya igizo, yeye mgonjwa mimi tabibu, na kabla hatujaanza akampa mwenzangu punje za mahindi mkononi, akamwambia kila huyu akisema "unatakiwa" au "inabidi" au "acha" weka punje moja mezani mbele yake. Tumeongea dakika kama nne hivi. Nilipoangalia mezani kulikuwa na punje kumi na nne. Na yule "mgonjwa" alikuwa amesema maneno mawili tu, "ndiyo dokta".

Wakuu nilijisikia vibaya mpaka chai sikunywa.

Nataka tujadili. Wahudumu wenzangu mliopata haya mafunzo mlipata nini cha kweli, na nyie mliowahi kuwa upande wa pili wa meza, mngependa mtu aongee nanyi vipi?

#2 Mkurugenzi wa Kilabu

Nimewahi siti ya mbele. Mangi wewe umetumwa kutuharibia biashara eeh 😂😂

#3 Mama Wawili

Mkurugenzi acha utani kidogo. @Tabibu umenikumbusha marehemu baba. Kila akienda hospitali anapigwa mkwara kuhusu pombe, akitoka pale anapitia kwanza kilabuni kupunguza hasira za kusemwa ndo anakuja nyumbani na dawa. Mwisho akaacha kwenda kliniki kabisa, akawa anatuma mtu akamchukulie vidonge. Sijui kama angeacha, ila angalau angekuwa anapimwa.

#4 Nesi wa Tanga

Nipo hapa. Mi nimesoma huu uzi nikacheka peke yangu maana na mimi "ushauri umetolewa" naiandika hata usingizini.

Kwetu pwani shida iko kinyume na kwenu. Kwenu kila mtu anakunywa na hana aibu, huku mtu amevaa kanzu na kofia unaona aibu wewe kumuuliza, na yeye anaona aibu kujibu, basi mnakubaliana kimyakimya kwamba hakuna pombe. Tulichofundishwa ni kuuliza WOTE, kila mtu mzima anayekaa kwenye kile kiti, mwanaume mwanamke, mwenye kanzu mwenye rozari, kama unavyopima presha kwa wote. Ukiwa unawauliza wote hakuna anayejiona amenyooshewa kidole. Na unaanza kwa kuomba ruhusa. "Shikamoo baba, naomba nikuulize mambo kidogo ya vinywaji, huwa namuuliza kila mtu." Ni kama kupiga hodi tu jamani, hata nyumba ya mtu ikiwa wazi huingii bila hodi.

#5 Tabibu Mgombani

Hodi! Hiyo naiiba.

Sasa ngoja niseme kuhusu yale maswali maana ndo yalinifungua akili. Kuna dodoso linaitwa AUDIT, lilitengenezwa chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) miaka ya 80, maswali 10, kila swali alama 0 mpaka 4, jumla 40. Chini ya 8 unampa elimu tu. 8 hadi 15 unamshauri kwa ufupi. 16 hadi 19 unakaa naye zaidi na unamrudisha tena. 20 kwenda juu huyo inawezekana pombe imeshamshika, unatafuta msaada wa juu zaidi. Kabla mtu hajasema ni vitu vya wazungu, nchi sita zilizotumika kulitengeneza mojawapo ni Kenya. Na la Kiswahili limeshafanyiwa kazi hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC.

Ila ukilisoma kama lilivyo kwenye karatasi unapotea. Mfano swali la sita linauliza kama ulihitaji kinywaji asubuhi ili uanze siku baada ya kunywa sana. Nilikuwa nalisoma hivyo hivyo, wote wanasema hapana, hapana, hapana. Siku moja mzee akaniangalia akasema dokta nani anaamka na pombe, hiyo si ulevi huo. Nikamuuliza tofauti, "na kuzimua je mzee?" Akacheka. "Aaah kuzimua! Kuzimua lazima, nisipotoa loki mkono huu haushiki hata panga."

Mnaona? Pombe ya asubuhi ni ulevi. Kuzimua ni dawa. Kimiminika ni kile kile.

#6 Mkurugenzi wa Kilabu

Sasa hapo umetugusa. Kuzimua ni haki ya msingi.

#7 Buda wa Eldy

Niko hapa Eldoret wasee, nimeona Kenya imetajwa nikaona niingie. Hapa kwetu kitu ingine ilifanyika kitambo kwa kliniki za HIV. Walichukua watu wa kawaida, si madaktari, si masaikolojia, wakawafunza kuendesha vikundi vya watu wanaotaka kuacha chang'aa na busaa. Wiki sita, wanaume kivyao wanawake kivyao. Utafiti wa kwanza ulitoka 2011, na walionyesha kwamba mtu asiye daktari akifunzwa vizuri na akiwa na mtu wa kumwangalia kazi yake anaweza hiyo kazi sawasawa. Baadaye wakafanya ingine kubwa zaidi. Kwa hivyo hii story ya "hatuna wataalamu" mimi huwa siinunui yote.

Na ile ya vipimo ni ngumu aki. Busaa inanyweka kwa mkebe, kwa kasuku (kopo la mafuta ya kupikia), wengine wanazunguka chungu moja na mirija ndefu. Utahesabu aje "kinywaji kimoja"?

#8 Tabibu Mgombani

@Buda hapo ndo penyewe kabisa. Dodoso linahesabu "kinywaji kimoja" kama gramu 10 za kilevi. Bia moja ya nusu lita ya asilimia 5 ukipiga hesabu inakuja karibu gramu 20, yani chupa moja ni vinywaji VIWILI. Mtu anakwambia nakunywa bia nne, wewe unaandika nne, kumbe ni nane. Konyagi ile chupa ndogo ya mili 200, asilimia 35, ni gramu 55 hivi, vinywaji vitano na nusu kwenye kitu kinachoingia mfuko wa shati!

Mbege sasa ndo kizungumkuti, haina lebo, ya leo sio ya kesho, inategemea ndizi na ulezi na imelala siku ngapi. Nilichofanya nilienda kilabu cha jirani mchana na chupa tupu za dripu, zile za mili 500, nikapima vyombo vyao. Mama muuzaji akaniuliza dokta umekuja kutufungia? Nikamwambia hapana napima vikombe tu. Kile kikombe cha plastiki chenye mkono kiliingia chupa mbili kamili. Lita! Mzee anakwambia "vikombe vitatu tu" na kweli kwake ni vitatu tu.

Kwaiyo ukutani kwangu kuna karatasi nimechora vyombo kwa peni, mgonjwa anaonyesha kwa kidole. Kidole hakisemi uongo sana kama mdomo.

#9 Mpita Njia 88

Samahani wakuu lakini serikali ilishapiga marufuku viroba (pombe kali za pakiti) 2017, gongo ni haramu kisheria miaka mingi, bado watu wanakunywa. Mnadhani dakika tano za nesi zitafanya nini? Tungeni sheria kali tu.

#10 Nesi wa Akili

@Mpita Njia sheria ni kweli inasaidia, viroba vilipoondoka hata sisi tulipumua. Ila hiyo sheria ya gongo ina upande wake wa pili kwenye chumba changu, mgonjwa hasemi ukweli maana anajua anakiri kosa. Lazima umwambie mapema kabisa "hiki tunachoongea kinabaki hapa, mimi sio mgambo" na umaanishe. Siku ukimtaja mtu kwenye mkutano wa kijiji umekwisha, hakuna atakayekwambia tena.

Mimi nipo afya ya akili na nimewezesha mafunzo kama hayo ya mleta mada (sio mimi wa mahindi, ila nimempenda huyo mama). Naomba niseme jambo moja kwa herufi kubwa maana naona huwa linapitiwa haraka haraka saa kumi jioni watu wanasubiri kusaini posho.

MTU ANAYEKUNYWA KILA SIKU NA ANATETEMEKA ASUBUHI USIMWAMBIE AACHE GHAFLA AKIWA NYUMBANI PEKE YAKE.

Huyo mzee wa "mkono haushiki panga", huyo ndo namuongelea. Ukimtisha vizuri akakuogopa akaacha leo, masaa machache tu jasho na kutetemeka vinaanza, ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupata kifafa ambacho hajawahi kuwa nacho, siku ya pili mpaka ya nne anaweza kuchanganyikiwa kabisa anaona wadudu ukutani, mapigo yanakimbia, homa, na watu wanakufa kwa hiyo hali. Kijijini watasema amerogwa, wanampeleka kwa mganga au kwenye maombi, wakati anahitaji kitanda, diazepam (dawa ya kutuliza) kwa mpango, maji na vitamini B1. Na akifika amezimia sukari iko chini mpe sukari ndiyo lakini B1 iende nayo, mtu aliyekunywa miaka bila kula vizuri B1 imeisha na ubongo unaumia.

Kwaiyo kabla hujatoa ushauri wowote uliza mambo matatu. Anatetemeka asipokunywa? Ameshawahi kupata kifafa alipoacha? Ameshawahi kuchanganyikiwa alipoacha? Akisema ndiyo hata kwa moja, huyo wa kupelekwa kituo chenye vitanda.

#11 Mama Wawili

Dah. Mjomba wetu alikufa hivyo. Aliacha pombe kwaresma, siku ya tatu akaanza kufukuza kuku ambao hawapo. Sisi tulijua ni mapepo.

#12 Nesi wa Akili

Pole sana dada. Hamkuwa na namna ya kujua.

#13 CTC Dawati la Pili

Mimi niongezee la kwangu ambalo nilikuwa nalikosea mwenyewe miaka mingi na najua tuko wengi. Nipo CTC, kliniki ya wanaotumia dawa za VVU. Tulikuwa tunawaambia wateja "usichanganye dawa na pombe", ushauri mzuri si ndiyo? Kumbe mteja anaelewa hivi: leo kuna harusi ntakunywa, basi leo NISIMEZE dawa. Ijumaa, jumamosi, jumapili anaruka. Wingi wa virusi unapanda sisi tunashangaa, mtu tarehe zake anakuja vizuri, vidonge anahesabu vizuri (vya ziada anavificha), shida nini? Mpaka siku nilipomuuliza mama mmoja bila kumhukumu, "siku ukiwa na sherehe dawa inakuwaje?" akasema si mlisema visikutane.

Sasa hivi nasema wazi kabisa, ningependa hujanywa, lakini hata ukinywa dawa zako usiruke. Presha ni hivyo hivyo. Dawa za kulala na zile za diazepam ndo kweli usichanganye, na TB niambie unakunywa kiasi gani tuangalie ini mapema, ila usiache dozi kimyakimya.

#14 Tabibu Mgombani

Aisee 🙆🏾‍♂️ kesho naanza na wa presha wote. Nina uhakika nimewafundisha kuruka kwa mdomo wangu mwenyewe.

#15 Daktari Mstaafu Kidogo

Vijana hongereni. Ila tuseme ukweli, OPD (wagonjwa wa nje) una watu sitini, uko peke yako, mwenzako yuko likizo ya uzazi, mganga mfawidhi yuko semina. Maswali kumi yanatoka wapi? Na hizo dakika kumi za kuongea zinaingia wapi kwenye MTUHA, yale madaftari ya takwimu za kituo? Mtu akija kukagua anahesabu vipimo vya malaria, hahesabu maongezi.

#16 Nesi wa Akili

Mzee wangu shikamoo. Huanzi na kumi. Unaanza na yale matatu ya mwanzo, mara ngapi, kiasi gani, na mara ngapi anakunywa nyingi kwa mkupuo. Anaweza kuyauliza hata anayepima presha na uzito pale nje, anaandika alama pembeni ya kadi. Anayefika kwako ameshachujwa, na wengi hawatafikia hata hiyo hatua.

Na hizo dakika zenyewe sio za kuhubiri. Huko KCMC kuna kitu wanafanya na majeruhi waliofika emegensi, kinaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, nesi anakaa na mgonjwa maongezi mafupi halafu baadaye anapata meseji za kumkumbusha. Sikilizeni hata jina, punguza. Mtu wa ajali amelala na mguu uko kwenye plasta, pale hana haja ya hotuba, ameshahubiriwa na boda.

#17 Mangi Mdogo

Ila na nyie wahudumu mnakunywa bwana. Daktari wetu hapa namuona kaunta kila ijumaa, jumatatu ananiambia punguza.

#18 Nesi wa Tanga

😂😂 Hili nalo lilitoka kwenye mafunzo yetu. Mwezeshaji alitugawia dodoso tujaze wenyewe, bila jina, tukakunja karatasi tukaziweka kwenye kapu. Ukumbi ulikuwa kimya kama msiba. Nadhani lilikuwa somo zuri kuliko yote ya siku ile maana kila mtu alijua sasa inavyokuwa ukiulizwa "vingapi".

#19 Daktari Mstaafu Kidogo

Na swali langu jingine, haya mafunzo yanakaa? Nimeona semina nyingi. Wiki mbili watu wanaongea vizuri, mwezi wa tatu "acha pombe itakuua" imerudi.

#20 Nesi wa Akili

Hayakai yakiwa peke yake, hilo linajulikana kabisa. William Miller, ndiye aliyeanzisha mwaka 1983 hii namna ya usaili wa kuhamasisha (unamuuliza mtu mpaka sababu za kubadilika azitaje mwenyewe), alikuja kupima mafunzo yake mwenyewe. Utafiti wao wa 2004 walichukua watoa huduma 140, wengine wakapewa semina tu, wengine semina na mtu wa kusikiliza kanda za maongezi yao na kuwarudia kwa simu kuwaelekeza. Walioenda semina tu walichokipata kilififia baada ya miezi, walioangaliwa na kuelekezwa walikishika. Lakini bajeti zetu zote ziko kwenye ukumbi na posho, ya kumfuata mtu kituoni kwake mwezi wa pili hakuna. Hapo ndo naumiaga.

#21 Tabibu Mgombani

Yule mama wa mahindi alinipa namba yake. Kila baada ya wiki mbili nampigia jioni namsimulia mgonjwa mmoja, bila jina, naye ananiuliza "na wewe ukasema nini?" Ni kwa vocha yangu, hakuna mradi hapo. Bila hiyo na mimi ningeshafifia.

Niwape mfano mmoja niende nikalale. Mzee ana miaka sitini na kitu, presha 178 kwa 104, anakunywa mbege kila jioni. Nilishamuuliza yale matatu, hatetemeki, hajawahi kifafa. Zamani ningempa hotuba. Siku hiyo nikapiga hodi, akakubali, nikamuuliza "mzee toka moja mpaka kumi, kupunguza pombe kwako kuna umuhimu kiasi gani?" Akasema nne, kwa sauti ya kunikomoa kabisa.

Hapa ulimi wangu ulitaka kusema "nne tu??" Nikajizuia. Nikauliza vile tulivyofundishwa, "kwanini nne, mbona hukusema moja?"

Akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza, na huo ukimya ndo mgumu kuliko vyote, nje mtoto analia, foleni inachungulia mlangoni, nilihesabu matofali ya ukuta. Halafu akasema, "Ng'ombe." Nikasubiri. Akasema jioni akitoka kilabuni giza limeingia, majani hajakata, ng'ombe analia bandani usiku kucha na majirani wanasikia. "Wanajua ni ng'ombe wa nani."

Mimi ningempa ini, figo, kiharusi. Kwenye kadi yake yote yapo. Ng'ombe hata isingenijia kichwani.

Nikamuuliza sasa angependa kufanyaje, akasema siku mbili kwa wiki atapitia majani kwanza. Siku mbili alizochagua yeye. Nikaandika.

#22 Mkurugenzi wa Kilabu

Ok hii imeniingia kidogo. Tabibu hilo dodoso linapatikana wapi? Namuulizia rafiki yangu.

#23 Nesi wa Tanga

Karibu sana na rafiki yako mkurugenzi 😂 njoo PM, nitamuuliza taratibu na hodi nitapiga.

#24 Buda wa Eldy

Na huyo mzee wa ng'ombe aliendeleaje? Usituache hapo bana.

#25 Tabibu Mgombani

Alikuja juzi kuchukua dawa. 152 kwa 94. Jumanne na alhamisi anakata majani kwanza, anasema alhamisi moja ilimshinda kulikuwa na matanga. Jumapili sijamuuliza.

Picha ya ile karatasi ya vikombe ntaiweka kesho, leo umeme hamna na simu iko asilimia 6.